Timu imetawanyika na kazi imekwama: anza kutafuta tatizo hapa

Hadi mwaka 2021 tulikuwa chumba kimoja Kijitonyama, Dar es Salaam, meza zimebanana na feni moja tunaigombania. Kazi yetu ni kutafsiri vijitabu vya afya na kilimo, kuvihariri, kuvipanga kurasa na kuvipeleka kiwandani. Mwenye nyumba akataka kodi ya mwaka mzima mbele, tukapiga hesabu, tukarudisha funguo. Leo tuko saba: wanne Dar, mfasiri mkongwe Mombasa, mchoraji Kigali, na mhariri wetu, mwenyeji wa Tanga, yuko Hamburg.

Mwaka wa kwanza nilidhani nimeajiri watu wabaya. Mmoja nilimwona mvivu, mwingine mkaidi, mwingine ana dharau. Ni watu wale wale niliokaa nao miaka chumba kimoja bila shida. Kwa hiyo kabla hujaenda kwenye dalili yoyote hapa chini, jiulize swali moja: tungekuwa chumba kimoja, habari hii ingemfikiaje mwenzangu? Mara nyingi utakuta ingemfikia kwa jicho au kwa sikio la pembeni, bila mtu yeyote kuituma. Sasa jicho halipo, na hakuna aliyepewa kazi ya kuituma. Hapo ndipo pamevuja.

Na usidhani umbali unaanzia Hamburg. Miaka ya 1970 Thomas Allen wa chuo cha MIT, Marekani, alipima wahandisi wanazungumza mara ngapi kulingana na umbali wa meza zao. Mazungumzo yalishuka haraka sana kadiri meza zilivyoachana, na kufika mita 50 hivi yalikuwa yamebaki kidogo mno. Mita 50 tu, watu wako jengo moja. Kwa hiyo hata wewe mwenye ofisi ya ghorofa mbili, endelea kusoma.

Dalili: mtu amekaa kimya

Hii ndiyo kubwa, na ndiyo inayofukuzisha watu kazi bila haki.

Kijana wetu wa kupanga kurasa alipotea siku mbili. Ukimuuliza "umefikia wapi?", anajibu "naendelea." Kijitabu kilikuwa cha ufugaji, kurasa 64. Siku ya tatu nikawa tayari nimeshahukumu: huyu kapata deiwaka sehemu nyingine, anatuchezea. Nikampigia simu kwa hasira, nikamwambia anionyeshe skrini yake. Nikaona. Fonti aliyopewa na mteja haikuwa na ile ritifaa iliyojipinda, yaani kile kialama cha juu kwenye ng', na kila palipoandikwa "ng'ombe" katikati ya neno kulikuwa na kisanduku kitupu. Kijitabu cha ufugaji! Ng'ombe kila mstari wa tatu. Alikuwa anawarekebisha mmoja mmoja kwa mkono, kakesha, na anaona haya kusema. Kuzibadilisha zote kwa mkupuo ni kazi ya dakika moja.

Kijitonyama ningepita nyuma yake kwenda kuchota maji, ningeona, ningecheka, ingekwisha. Kuchota maji ndiko kulikokuwa usimamizi wangu, ila sikujua.

Namna ya kutafuta chanzo: angalia amekaa kimya wapi.

Kama anachangia utani kwenye kundi lakini swali la kazi halijibu, amekwama na anaona aibu, au hajui kwamba zamu ni yake. Hilo la pili ni la kawaida kuliko unavyodhani. Ukiandika "tafadhali mpitie hiki" kwenye kundi la watu saba, hakuna aliyetumwa.

Kama kimya chake ni cha kila mahali na ujumbe wako wa WhatsApp una tiki moja ya kijivu, haujamfikia kabisa: simu imezimika, bando limeisha, au umeme hakuna. Usimtumie wa pili wenye ukali. Tuma SMS ya kawaida.

Kama tiki ni za buluu, amesoma, na bado siku nzima hajajibu, piga simu, na anza na hali ya nyumbani kabla ya kazi. Mara mbili nimekuta mgonjwa hospitalini. Ofisini mtu anayeuguza unamjua kwa anavyoingia mlangoni.

Uvivu uweke mwisho wa orodha. Upo, sikatai, lakini mvivu wa kweli hata ofisini ulikuwa unamjua.

Tiba tuliyoishika: swali la "umefikia wapi" tumelifuta. Tunasema "nitumie picha ya skrini ulipo." Picha haina aibu, na haijibu "naendelea." Sharti la pili, ukikwama nusu saa unatangaza, na anayetangaza hachekwi. Hilo la kutochekwa nililivunja mimi mwenyewe wiki ya kwanza, na ilichukua mwezi mzima watu kuliamini tena.

Dalili: kila mtu anasema "sawa", kazi inarudi kitu kingine

"Sawa" ya maandishi nimeikuta na maana zisizopungua nne: nimeelewa, nimesoma tu, sikubaliani lakini wewe ndiye bosi, na niache nipumzike. Ana kwa ana, macho yanakutafsiria. Kwenye simu zote ni herufi zile zile nne.

Usiulize "mmeelewa?" maana jibu lake ni "sawa" nyingine. Mwombe mtu mmoja aandike kwa maneno yake atakachofanya na atakachokabidhi. Mistari miwili inatosha. Mchoraji wetu aliwahi kuandika "nachora mama ananyonyesha, kitandani", wakati maelezo yalitaka amekaa mkekani. Tulimsahihisha kabla hajashika kalamu.

Dalili: watu hawafiki kikaoni, au kazi inafika siku isiyotarajiwa

Hapa Waswahili tuna ugonjwa wetu wenyewe, na mwongozo wa Mzungu hautakusaidia.

Niliandika: "Kikao Jumanne saa 8." Dar kila mtu alielewa mchana baada ya kula. Mhariri wetu kule Hamburg, japo kazaliwa Tanga na saa za Kiswahili anazijua vizuri, alishazoea kalenda ya simu yake. Akaweka 8:00. Akaamka kwenye baridi, akakaa peke yake kwenye kikao, akidhani sisi ndio tumemdharau. Mchoraji wa Kigali alifika siku ile ile lakini tukiwa tunaagana, kwa sababu Rwanda iko saa moja nyuma ya Tanzania na Kenya.

Kisha kuna Ulaya kubadilisha majira. Sisi saa zetu hazitikisiki mwaka mzima. Wao wanasogeza mishale Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo Hamburg wakati wa kiangazi chao iko nyuma ya Dar kwa saa moja, na wakati wa baridi kwa saa mbili. Kikao kikiharibika ghafla mwanzoni mwa Novemba na hakuna aliyebadilisha chochote, chanzo ni hicho. Mwenye mwenzake Toronto au Marekani aangalie zaidi, kwa maana wao hubadilisha tarehe nyingine: Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Kuna wiki mbili tatu za Machi ambazo kila hesabu uliyoizoea si sahihi.

Lakini iliyotuuma zaidi ilikuwa "usiku wa Ijumaa." Mfasiri wetu wa Mombasa, mtu wa Mji wa Kale, siku kwake inaanza magharibi. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi jua likizama. Alikesha, akatuma kazi saa saba za usiku, akasubiri. Kijana wa kurasa, kwake usiku wa Ijumaa ni baada ya Ijumaa yenyewe, na alipanga kuifungua Jumamosi asubuhi. Dada wa watu alikaa siku nzima bila hata "tumeipata, ahsante." Alinipigia akiwa na sauti ya chini ile ya mtu aliyeumia: "Kumbe haraka ilikuwa ya nini?"

Tiba ni ya maandishi tu, usijaribu kubadilisha midomo ya watu. Mdomo useme saa nane, maandishi yaseme 14:00 Dar, 13:00 Kigali, 12:00 Hamburg, na tarehe kwa namba. Siku nayo usiiache na "usiku", andika "kabla ya 18:00 tarehe 14." Na usiweke kikao Ijumaa saa saba mchana wala karibu na futari mwezi wa Ramadhani. Ofisini ungeona watu wanatawadha, usingehitaji kuandikiwa.

Dalili: wawili wanajua, watano hawajui

Sisi wanne wa Dar hukutana Jumanne, mara nyingi kibandani kwa mama mmoja Mwenge, chai na chapati. Siku moja pale pale tukaamua kijitabu cha malaria kiwe na kurasa 24 badala ya 32. Uamuzi mzuri. Mombasa walijua Ijumaa, sura mbili zilizofutwa zikiwa zimeshatafsiriwa.

Ukiniuliza mpangilio gani ni mgumu kuliko yote, nitakwambia ni huu wa nusu kwa nusu. Wote chumbani, kazi inaenda. Wote mbali, kazi inaenda kwa taabu lakini inaenda, kwa sababu kila mtu anajua hana jicho. Baadhi wakiwa pamoja, wale wa pamoja wanasahau kabisa kwamba wengine hawakusikia. Hawafichi. Wanahisi tu kwamba "tumeshaongea."

Hata pasipo na ofisi kabisa hali hii hujijenga. Watafiti wa Microsoft walipitia mawasiliano ya wafanyakazi wake 61,182 wa Marekani katika nusu ya kwanza ya 2020, wakachapisha matokeo mwaka 2021. Watu walipohamia majumbani, kila kundi lilijifungia zaidi na wenyewe kwa wenyewe, na madaraja ya kundi hadi kundi yakapungua. Kwa lugha yetu, kila mtu alibaki na watu wa baraza yake.

Tumeweka mambo mawili. Uamuzi uliofanyika kwa mdomo bado si uamuzi mpaka mmoja wetu auandike kwenye ukurasa wa mradi: nini, nani, lini, na kwa nini. "Kwa nini" ndiyo watu huiacha, na ndiyo inayozuia ubishi mpya wiki ijayo. La pili, kwenye kikao, mmoja akiwa mbali basi wote wako mbali: kila mtu simu yake, masikioni, hata kama mmekaa benchi moja. Mama wa chapati anatushangaa. Lakini yule wa Kigali anasikia kila neno, badala ya kusikia vikombe na kicheko cha mtu aliyekaa karibu na maiki.

Dalili: vikao vimekuwa vingi

Ni tiba iliyogeuka ugonjwa. Bosi haoni watu, anaita kikao ili awaone. Jaribu hivi: futa kikao kimoja cha wiki, omba kila mtu mistari mitatu ya maandishi asubuhi, uone nani atalalamika. Kwetu hakulalamika mtu. Vilivyobaki tunavifanya kwa Zoom ya bure inayokata kikundi dakika ya 40, na kusema kweli ile kukatwa ndiyo mwenyekiti bora niliyewahi kupata.

Dalili: ujumbe mdogo umezaa ugomvi mkubwa

Msahihishaji wetu ni mzee, mwalimu mstaafu. Alimwandikia kijana wa kurasa aya nzima ya maelezo, kwa utaratibu, kaanza na "Habari za leo mwanangu." Kijana akajibu kwa dole gumba. Mzee akanipigia: "Nimemwandikia mtoto barua, ananijibu kwa kidole?"

Kijana hakuwa na ubaya. Kwa rika lake dole gumba ni "nimepokea, nakushukuru." Angekuwa chumbani angesema "shikamoo" asubuhi, heshima ya siku nzima ingekuwa imeshalipwa, na baada ya hapo hata mkato wa maneno usingeuma. Mtandaoni kila ujumbe unafika peke yake, hauna asubuhi nyuma yake. Ndiyo maana "Hii hapana, rudia" inasomeka kama tusi hata ikitoka kwa mtu mpole.

Kwa hiyo salamu iandike hata kama una haraka, na mkubwa mwamkie. Sifa tuma kwenye kundi. Kosa la mtu mwambie kwa simu, peke yake, kisha marekebisho yenyewe yaandike. Ujumbe wa sauti ni mzuri kwa kubembelezana, lakini usitumie kutoa maelekezo: mwezi ujao hakuna atakayesikiliza sauti 30 kutafuta ulisema ukurasa wa ngapi. Na mkishajibizana mara tatu kwa maandishi bila kuelewana, ya nne iwe ya kupiga.

Dalili: sauti inakatakata, mtu anatoweka kikaoni

Fuata mpangilio huu. Kwanza zimeni kamera zote, mara nyingi inatosha. Uliza kama ni mmoja anayekatika au wote. Akiwa mmoja, tatizo liko kwake: asogee karibu na ruta, au awashe hotspoti ya simu yenye laini ya mtandao mwingine. Wakiwa wote, huenda tatizo liko kwa anayewasikiliza; akiwa ndiye anayeongoza kikao, mwingine aongoze. Ikishindikana, unganisheni simu ya kawaida, sauti tu.

Kuna siku kosa si la mtu wala la ruta. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikalegea kwa siku kadhaa. Waliokuwa na mafaili kwenye kompyuta zao waliendelea. Waliotegemea kila kitu kikae mtandaoni walikunja mikono. Tangu hapo kila mmoja wetu anapakua kazi ya wiki Jumatatu asubuhi.

Hapa nina neno kwa wenye kampuni. Kijitonyama, intaneti na umeme vilikuwa juu ya ofisi. Tulipotawanyika, gharama ile haikufa, ilihamia mfukoni mwa mfanyakazi. Unaokoa kodi ya mwaka, halafu unamgombeza mtu kwamba kamera yake imezimwa wakati bando ananunua mwenyewe? Lipa bando kwanza, ndipo uanze kutafuta tatizo.

Dalili: mgeni hajui kitu baada ya miezi mitatu

Wale wa zamani hatukufundishwa, tulisikia tu. Ukimsikia mwenzako akibishana na mteja kwenye simu, umeshajifunza bei, lugha na mipaka. Mfasiri wetu mpya alipokea mafaili tu, na akarudisha mafaili. Alijua kazi, hakujua kwa nini tunaifanya hivyo.

Tulichofanya: wiki mbili alikuja kukaa nami mezani kwangu. Baadaye tukawa tunafungua simu kwa muda wa saa moja kila siku, hakuna ajenda, kila mtu anafanya lake, sauti iko wazi. Dakika 50 hasemi mtu. Kumi zilizobaki anauliza mambo ambayo asingeyaandika kamwe: "Hivi nikisema 'mama mjamzito', si tumerudia?"

Kabla hujaamua kurudi ofisini

Si kila kazi inaumia kwa umbali. Kampuni ya safari ya Ctrip, China, mwaka 2010 ilianza kujaribu wahudumu wa simu kufanya kazi nyumbani kwa miezi tisa, na utendaji ulipanda kwa asilimia 13. Lakini waliporuhusiwa kuchagua, karibu nusu ya waliokuwa nyumbani walirudi ofisini, wengi kwa upweke. Na tazama ni kazi gani: kila mhudumu na simu yake, hamgojei mwenziwe. Kutafsiri sura ni hivyo hivyo, dada wa Mombasa anafanya vizuri zaidi kwake kuliko alivyofanya kwetu. Kinachotushinda kwa mbali ni viwili: kuanza kitu ambacho hakuna bado anayekijua kitakavyokuwa, na ugomvi uliopitisha wiki mbili. Kwa hayo tafuteni nauli.

Sisi tunakutana Tanga, Desemba, mhariri akija kwao. Ni katikati, basi kutoka Mombasa na basi kutoka Dar. Mwaka jana mchoraji wa Kigali hakuweza kuja, tukamweka kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Kijana akafungua kurasa za kijitabu kipya. Mzee alikuwa anapita nyuma yake na kikombe, akasimama, akagusa skrini kwa kidole: "Mwanangu, huyu ng'ombe wako mbona hana ritifaa?" Meza nzima ikaangua kicheko. Kilipotulia ndipo tukasikia sauti ndogo nyuma ya chupa: "Mnacheka nini? Jamani? Mnacheka nini?"